Ngeli Zikae Wapi? Durban na Mipaka ya Viwango vya Lugha za Kompyuta

Anayetaka kompyuta iseme kwa Kiingereza kwamba wanafunzi wote husoma angalau somo moja ana kazi nyepesi. Anaandika kiolezo chenye nafasi wazi, kisha anajaza majina. Leo ni wanafunzi, kesho ni ndovu, na maneno ya "wote" na "moja" yanabaki vilevile. Akikileta kiolezo hicho Durban na kukijaza kwa isiZulu, yaani Kizulu, kinamvunjikia mkononi. "Bonke abafundi bafunda okungenani isifundo esisodwa" ni sentensi safi, lakini akiwaondoa abafundi na kuwaleta izindlovu, yaani ndovu, bonke inageuka zonke na kiambishi cha kitenzi nacho kinageuka. Akibadilisha kinachosomwa, esisodwa nayo inaweza kugeuka. Hakuna neno la sentensi hiyo ambalo mtunga kiolezo anaweza kuliandika mapema akaenda zake kulala.

Msomaji wa Kiswahili haoni ajabu hapo. Sisi nasi tuna wote, zote, vyote, yote na lote, na tunajua jina ndilo linaloamua. Ugumu unaanza pale maarifa hayo yanapotakiwa kuandikwa ndani ya kiwango cha kiufundi, yaani makubaliano yanayowezesha programu ya Durban na ya Nairobi kusomana bila kukosana. Ngeli ziwekwe katika kiini cha kiwango, katika moduli ya pembeni, katika orodha ya data inayotunzwa kivyake, au ziachiwe kila mwandishi wa programu ajitegemee? Swali kama hili huzikabili kamati za viwango kila kipengele kipya kinapobisha hodi. Kwa lugha za Kibantu jibu lake lina uzito wa pekee, kwa sababu viwango vingi vilitungwa na watu ambao lugha zao hazina ngeli.

Namba zilizoanzia Natal

Durban haikuingia katika habari hii juzi. Mwaka 1855 mwanaisimu Mjerumani Wilhelm Bleek alifika Natal, eneo lenye Durban, akifuatana na Askofu John Colenso, kwa kazi ya kuandika sarufi ya Kizulu. Miaka minne kabla ya hapo alikuwa ametunga tasnifu yake Bonn kuhusu jinsi za majina katika lugha za Afrika, na sasa alikuwa katikati ya watu wanaozisema. Hakukaa muda mrefu. Alihamia Cape Town, na huko akachapisha sarufi linganishi ya lugha za kusini mwa Afrika katika sehemu mbili, mwaka 1862 na 1869. Ndani yake alizipa ngeli namba. Carl Meinhof akaupanua mpango huo, na ndio tunaoutumia hadi leo: ngeli ya 1 na ya 2 za watu, ya 7 na ya 8 za ki- na vi-, ya 16 hadi ya 18 za mahali.

Tukiutazama kwa jicho la mtunga viwango, uamuzi wa Bleek na Meinhof una busara kubwa. Namba hizo ni za familia nzima ya lugha. Kizulu hakina ngeli ya 12 wala ya 13, na Kiswahili sanifu pia hakina, lakini hakuna aliyesogeza namba kuziba pengo hilo. Kila lugha inachukua namba inazozihitaji na kuziacha nyingine. Orodha ni ya wote na matumizi ni ya kila mmoja, miaka mia moja na zaidi kabla ya neno kompyuta kuzoeleka.

Bado mpango huo haukuwa wa pekee. Shule za Afrika Mashariki zinafundisha ngeli kwa majina ya viambishi: A-WA, KI-VI, LI-YA, U-I, I-ZI. Zamani kidogo zilifundisha M-WA na M-MI, yaani kwa umbo la jina lenyewe badala ya upatanisho wake katika sentensi. Waliokaa darasani nyakati hizo mbili wanakumbuka mvutano ule. Ulionekana ni wa walimu wa sarufi peke yao. Leo ni wa wahandisi pia, kwa kuwa kompyuta haikubali utata ambao mwalimu angeumaliza kwa mfano mmoja ubaoni.

Kilichotokea Durban

Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal kilizaliwa mwaka 2004 kwa kuunganishwa Chuo Kikuu cha Natal na kile cha Durban-Westville. Mwaka 2006 kilipitisha sera ya lugha mbili, Kiingereza na isiZulu, na kuanzia 2014 wanafunzi wapya wa shahada ya kwanza wakatakiwa kuwa na kiwango fulani cha isiZulu. Sera ya namna hiyo haitekelezeki kwa maazimio matupu. Inahitaji istilahi, mkusanyo wa matini, kikagua tahajia na programu zinazoweza kuunda sentensi. Ofisi ya mipango ya lugha ya chuo, chini ya Langa Khumalo ambaye baadaye aliongoza SADiLaR, kituo cha taifa cha rasilimali za lugha za kidijitali, ikashirikiana na mwanasayansi wa kompyuta Maria Keet, aliyefundisha hapo kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Cape Town.

Keet na Khumalo walitaka jambo linaloonekana dogo. Kuna lugha ya kiufundi iitwayo OWL, iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, na kufikia toleo la pili mwaka 2009, ambayo hutumika kuandika maarifa kwa mantiki: kila mwanafunzi husoma angalau somo moja, kila mbwa ni mnyama. Walitaka maarifa hayo yatoke kwa isiZulu ambacho mtu wa kawaida anakisoma. Katika makala zao za mwaka 2014 walionyesha kwamba njia ya violezo, iliyotosha kwa lugha nyingi za Ulaya, haifai kwa isiZulu. Palitakiwa kanuni zinazouliza ngeli ya jina kabla ya kutamka neno lolote.

Katika kuzitunga kanuni hizo kulijitokeza tofauti moja ambayo mchambuzi wa viwango hapaswi kuipita. Chukua sentensi mbili za isiZulu: "inja yisilwane", mbwa ni mnyama, na "umfundi ngumuntu", mwanafunzi ni mtu. Kinachobeba maana ya "ni" ni y- katika ya kwanza na ng- katika ya pili, na kinachoamua ni irabu ya kwanza ya jina linalofuata. Kompyuta inaiona irabu hiyo kwenye tahajia, kwa hiyo haihitaji kuambiwa lolote. Sasa chukua umuntu na umuthi, mtu na mti. Mwanzo wake ni umu- kwa yote mawili, lakini wingi wa la kwanza ni abantu na wa la pili ni imithi. Hapa tahajia haisaidii. Ngeli lazima iandikwe mahali, na kila programu inayolisoma jina hilo iikute imeandikwa vilevile.

Kwa hiyo sarufi moja imetoa vipengele viwili vyenye makao tofauti. Cha kwanza kinapatikana kwa hesabu, nacho ni mali ya programu. Cha pili hakipatikani kwa hesabu, na bila kukubaliana namna ya kukiandika hakuna anayeweza kutumia kamusi ya mwenzake. Anayevipeleka vyote kwenye kamati ya kiwango anaibebesha mzigo usio wake. Anayevibakiza vyote ndani ya programu anamhukumu kila atakayemfuata aanze upya.

Kiini, moduli au orodha?

Mwaka huohuo wa 2014 Keet na Catherine Chavula waliuliza swali lenyewe waziwazi. Walichukua lemon, mfumo wa kuunganisha kamusi na ontolojia (maarifa yaliyoandikwa kwa mantiki, kama ya OWL), wakaupima kwa lugha za Kibantu, Chichewa ikiwemo. Kiini cha lemon hakikuwa kimefungia ndani yake jinsi wala kipashio chochote cha sarufi ya lugha fulani. Watunzi wake waliamua tangu mwanzo kwamba istilahi za kisarufi zitachukuliwa kutoka orodha za nje. Kasoro ilikuwa kwenye orodha hizo, ambazo zilijengwa kwa mazoea ya jinsi ya kiume, ya kike na isiyo ya kiume wala ya kike. Chavula na Keet hawakuomba kiini kibomolewe. Walitunga ontolojia ya mfumo wa ngeli inayojitegemea, ambayo kamusi ya lemon inaweza kuirejea.

Kuna hoja tatu za kuunga mkono njia hiyo. Kwanza, kiini kikikosea kinakosea milele. Viwango vikubwa hujifunga kutobadilisha kilichokwisha kutolewa, ili kazi za zamani zisiharibike. Unicode, kiwango cha herufi za kompyuta, ina herufi, U+FE18, ambayo jina lake rasmi limekosewa tahajia katika neno lenye maana ya mabano. Kosa linajulikana na dawa yake imeandikwa pembeni kama jina mbadala, lakini jina lenyewe halitaguswa. Kama kamati itaingiza ngeli kwenye kiini kwa ufahamu wa juujuu, wazungumzaji wa Kibantu watakaa na kosa hilo vizazi na vizazi.

Pili, kiini kinene kinafukuza watumiaji. Kila kilichomo ndani yake lazima kitekelezwe na kila mtengenezaji, hata yule wa Helsinki ambaye hatakutana na neno la Kizulu maishani mwake. Atafanya nusunusu, na nusu ni mbaya kuliko kukosa, kwa sababu inatoa ahadi isiyotimizwa. Tatu, moduli inamilikiwa na wanaoijua. Mtaalamu wa Durban akigundua kosa katika orodha ya ngeli anaweza kulirekebisha bila kuwashawishi wajumbe ambao hawajui kinachozungumzwa.

Upande wa pili una hoja nzito vilevile. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kipengele cha moduli huishi na kamba hiyo mguuni siku zote: ni cha hiari, na cha hiari ndicho huachwa bajeti inapopungua. Jinsi ya kiume na ya kike imo katika zana nyingi za mwanzo, ikaonekana ni hali ya kawaida ya lugha za binadamu. Ngeli ikabaki nyongeza ya wale wengine. Zaidi ya hapo, orodha za nje huzaliana. Mmoja anaandika ngeli kwa namba moja moja, mwingine kwa jozi. SALAMA, mfumo wa kuchanganua Kiswahili ambao Arvi Hurskainen aliuanza Helsinki katika miaka ya 1980, hutambulisha majina kwa jozi kama 1/2 na kuongeza alama ya umoja au wingi. Mfumo mwingine utaandika 1 kwa umoja na 2 kwa wingi, wa tatu utaandika A-WA. Kila mmoja uko sahihi ndani ya nyumba yake, lakini hausomani na wa jirani bila mkalimani.

Universal Dependencies, mradi wa kimataifa wa kuweka alama za sarufi kwenye matini, umepita katikati. Umeziweka ngeli katika jedwali lake la vipengele vya lugha zote, bega kwa bega na jinsi, umoja na wingi, lakini thamani zake zina jina la familia ya lugha: Bantu1, Bantu2 na kuendelea hadi Bantu23, na nyingine za Kiwolofu kivyake. Nafasi ni ya wote, yaliyomo ni ya wenyewe. Namba za Bleek na Meinhof zimeingia katika kiwango cha kompyuta karibu bila kuguswa.

Kiswahili kinapoongeza ugumu

Mtu anaweza kusema basi, Universal Dependencies imemaliza mjadala. Tuweke namba moja kwa kila jina. Kiswahili kinamkatalia. Kizulu huzipatanisha ndovu kwa ngeli yake ya kimaumbo, ndiyo maana tunapata "zonke izindlovu zidla". Kiswahili husema "ndovu wote wanakula", ingawa kwa umbo ndovu yumo pamoja na nyumba na ngoma. Kiboko ana ki- ya kiti lakini tunasema "kiboko yule amelala". Uhai unashinda umbo. Kwa hiyo jina moja linahitaji ngeli mbili: ya umbo lake na ya upatanisho wake.

Hata mbili hazitoshi. Tunasema "rafiki yangu amefika" na "rafiki zangu wamefika". Kivumishi cha kumiliki kinafuata ngeli ya 9 na ya 10, kitenzi kinafuata ya 1 na ya 2, na jina ni hilohilo moja. Kamusi ya kidijitali inayoruhusu alama moja ya ngeli kwa kila jina itatoa ama "rafiki wangu", ambalo mhariri wa Kiswahili sanifu atalikata, ama "rafiki yangu imefika", ambalo hata mtoto atalicheka. Anayesanifu kiwango kwa kuitazama isiZulu peke yake hawezi kuliona tatizo hili, na anayekitazama Kiswahili peke yake anaweza kudhani kila lugha ya Kibantu inafanya hivyo. Ndiyo sababu kanuni ya zamani ya IETF, jumuiya ya viwango vya intaneti, ya mwaka 1996, kudai angalau utekelezaji wa aina mbili uliofanywa na watu mbalimbali kabla ya pendekezo kupanda daraja, ingefaa hapa kwa sura nyingine: lugha mbili zisizofanana tabia kabla kipengele hakijaingia kwenye kiini.

Nairobi nayo ina fundisho lake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwemo Wanjiku Nganga, waliandika sarufi ya Kiswahili kwa kutumia Grammatical Framework, chombo kilichoanzishwa na Aarne Ranta mwaka 1998. Chombo hicho kinatenganisha maana ya sentensi, ambayo ni moja kwa lugha zote, na namna kila lugha inavyoitamka. Ngeli zinaingia upande wa lugha husika kama kigezo chake, na upande wa maana hauna habari nazo. Mgawanyo huo ni safi kwa mtu anayejenga kila kitu ndani ya chombo kimoja. Unapotaka kamusi yako ihamie kwenye chombo cha mwingine, swali la makao ya ngeli linarudi palepale.

Mahali ambapo mtumiaji anaumia

Kwa wengi wetu jambo hili linaonekana kwenye simu. Programu inatangaza idadi ya vitu vilivyofutwa. Kwa Kiswahili tunahitaji "vitabu 3 vimefutwa", "picha 3 zimefutwa", "majina 3 yamefutwa" na "ujumbe 3 umefutwa". Mfasiri amepewa mstari mmoja wenye nafasi ya idadi na nafasi ya kitu. Afanye nini? Huchagua kiambishi kimoja na kukubali kukosea kwingine kote, au hukimbilia umbo la "vilivyofutwa: 3", ambalo si kosa wala si lugha ya mtu.

CLDR, hazina ya data za lugha inayotunzwa na Unicode, ina tabaka sita za idadi, na kila lugha inatangaza inazotumia. Kiswahili na isiZulu zote zinatumia mbili, ila isiZulu huingiza sifuri katika tabaka la moja, na Kiswahili hakiingizi. Huu ni mfano mzuri wa kuweka kitu mahali pake: tabaka zimo kwenye kiwango, na kanuni ya nani anaingia wapi imo kwenye data ya lugha, ambapo inaweza kurekebishwa. Lakini tabaka za idadi hazisemi lolote kuhusu ngeli.

MessageFormat 2, kiwango cha kuandika taarifa za programu, iliyofikia hadhi ya kudumu katika CLDR toleo la 47 mwezi Machi 2025, imefungua mlango. Sintaksia yake inamruhusu mwandishi kuchagua maneno kwa kigezo chochote, na inaruhusu funksheni za ziada zitungwe nje ya seti ya msingi. Mtu anaweza leo kuandika matawi kwa kila ngeli. Ila akizidisha tabaka mbili za idadi kwa ngeli zote za upatanisho, mfasiri anapewa mistari zaidi ya kumi kwa taarifa moja ya neno "imefutwa". Mlango uko wazi, ila mzigo wote umeachwa mabegani mwa mfasiri, kwa kuwa data ya ngeli ya majina haipo mahali pa pamoja ambapo programu ingeichota yenyewe.

Vigezo vya kuamua

Kutokana na yote haya, kipengele kipya kinaweza kupimwa kwa maswali manne. Je, kompyuta inaweza kukipata kutokana na kilichokwisha kuandikwa? Kama inaweza, kiishi ndani ya programu, kama y- na ng- za isiZulu. Je, ni taarifa ya neno moja moja ambayo watu wasiofahamiana watabadilishana? Basi kiwe data yenye orodha ya pamoja. Je, kinabadilisha maneno mengine katika sentensi? Basi kiini lazima kiwe na nafasi ya kukipokea, maana mfumo usiojua kwamba jina hutawala kitenzi hauwezi kufundishwa hivyo na moduli ya pembeni. Na mwisho, nani atakirekebisha kikikosewa? Kikae karibu na huyo.

Kwa vigezo hivyo hukumu yangu ni hii. Kiini cha kiwango chochote kinachojidai ni cha lugha zote kinapaswa kuwa na nafasi ya upatanisho wa jina, iliyo wazi na inayoruhusu thamani zaidi ya moja kwa jina moja, ili rafiki apate ya umilikaji na ya kitenzi. Orodha ya ngeli ikae nje ya kiini, iwe moja kwa familia nzima ya Kibantu kwa namba zilizozoeleka, na kila lugha itangaze inazozitumia. Kanuni za kuunda sentensi zibaki katika sarufi na programu za kila lugha, zishindane na kuboreshwa. Waliosema ngeli zote ziingie kwenye kiini wamedai kingi mno. Waliosema moduli inatosha wamesahau kwamba moduli hainingʼinii hewani.

Yote hayo hayatajitunga. Kundi la W3C lililoigeuza lemon kuwa OntoLex mwaka 2016, likiwa na kiini na moduli nne, lilikuwa wazi kwa yeyote bila ada. CLDR hupokea marekebisho ya data za lugha kutoka kwa watu wa kujitolea na hutolewa mara mbili kwa mwaka. Mabaraza ya Kiswahili BAKITA na BAKIZA, idara za Kiswahili za Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar, na vijana wanaoandika programu wana mahali pa kuanzia, na wana wenzao Durban waliokwisha kupasua njia. Samaki mkunje angali mbichi. Viwango vya kuunda sentensi kwa kompyuta bado ni vibichi leo. Tukingoja vikauke, tutabaki kulalamikia simu zinazotuambia kwamba rafiki yetu imefika.